Matawi Yalikuwepo Barabarani

Lusajo mwanangu,

Ni mimi mama. Naandika kwenye daftari la mwanao Neema, kurasa za nyuma ambazo mwalimu wake hafiki. Peni inavuja, kwa hiyo ukiona madoa usidhani yote ni machozi. Ulipokuwa sekondari nilikuwa nakuandikia, nawe ukirudi likizo unaniletea barua zangu zilezile umezisahihisha kwa wino mwekundu, mama hapa nukta, mama hapa umeruka herufi, na mimi nakukimbiza na mwiko. Darasa la nne ndilo langu, unalijua. Leo nitaandika kama ninavyosema, na penye nukta nitapumzika.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kulikuwa na neno sijui nilianzie wapi. Sasa nimeshalisema mbele ya watu, likaandikwa, nikalitia sahihi. Nikaona si vizuri watu wote walijue na wewe mwenyewe hujaambiwa.

Kwanza nyumbani. Mkeo Tumaini hajambo, amerudi kwenye cherehani yake pale Ibighi, asubuhi anaondoka, jioni anarudi kwangu. Hakutaka kwenda kwao, na mimi sikumlazimisha. Neema ameng'oka meno mawili ya mbele, ameanza awali, na anasema "thatha" badala ya "sasa". Ng'ombe amezaa jike. Miparachichi uliyoipanda nyuma ya jiko imetoa maua mwaka huu kwa mara ya kwanza, na kila mtu anayepita ananiuliza ni aina gani, nami sijui, ulikuwa unataja wewe. Upepo wa mwezi wa nane uliangusha migomba sita. Nguo zako Tumaini amegawa, ila lile koti la kijani nimelizuia. Nalivaa mimi asubuhi nikienda kukamua, baridi ya hapa unaijua.

Sasa nianze.

Unakumbuka siku uliyoleta lile gari? Mchungaji alikuja kuliombea, tukasimama wote uani, mvua ikitunyeshea, na yeye akaweka mkono juu ya boneti akamwomba Mungu alilinde gari na wote watakaolipanda. Wewe ulikuwa umevaa shati jeupe kama bwana harusi. Miaka yote umezunguka kwa pikipiki kwa wakulima, unapima parachichi zao, unawaambia zipi zimekomaa na zipi bado, unarudi umelowa mpaka kwenye mfupa. Nilifurahi. Nilikuwa nimechoka kukuogopea.

Maana mimi na barabara unatujua. Tangu ulipopanda baiskeli ya kwanza nilikuwa nakusindikiza mpaka pale njia inapokuwa nyembamba nakuambia, "Shika usukani, macho mbele." Pikipiki ilipokuja, hivyohivyo. Nilikupigia simu ukitoka, nikakupigia ukifika, na katikati nikatafuta sababu nyingine ya kupiga. Wewe ukanizoea. Ukawaambia wenzako kwamba mama yangu hata nikipanda kitanda ataniambia nishike usukani. Walinicheka sana. Lakini ulikuwa unaitikia. Kila mara uliitikia, "Nimeshika, mama."

Halafu likaja gari hilo.

Siku ile uliyonipeleka Igogwe kupima presha, unakumbuka? Tulipofika pale barabara inaponyooka kwenye mashamba ya chai ukaniambia, mama tazama. Ukainua mikono yote miwili juu kama mtu anayesifu kanisani. Nilipiga kelele. Nikakushika goti. Usukani ukasogea wenyewe kidogo, hivi, kama kuna mtu ameushika ambaye hatumwoni, na gari likafuata barabara. Ukanionyesha kile kijicho juu ya kioo cha mbele. Ukasema hicho kinaona mistari myeupe ya barabarani, kinaona na gari lililo mbele, likiwa karibu sana linafunga breki lenyewe. Kisha sauti ikatoka kwenye gari, ya mwanamke, laini, inasema Kijapani. Nikakuuliza anasema nini, ukasema sijui, nadhani anakusalimia mama mkwe. Nami nikamshukuru kwa lugha yetu, "Ndaga, mwanangu, ndaga fijo."

Tulicheka mpaka ukashika usukani mwenyewe kwa kicheko.

Na mimi ndiye niliyesema, "Fanya tena, nione."

Nimeliandika kwa herufi kubwa kidogo ulione. Fanya tena. Ukafanya. Mara tatu kwenda na mara mbili kurudi. Na kila mara yule mwanamke aliposema nilimshukuru.

Tangu siku hiyo, Lusajo, niliacha kupiga simu. Hukuniuliza kwa nini, labda ulipumua. Mimi niliwaambia akina mama wa kwaya kwamba sasa ninalala, mwanangu ana gari lenye macho, linamlinda kuliko mimi. Mama mmoja akasema na yeye angetaka mume wa namna hiyo. Nikajiona nimebarikiwa. Woga wangu wote wa miaka thelathini na moja nikaukabidhi kwenye kijicho cha kioo. Tumaini anasema baadaye ulikuwa unaandika kwenye daftari lako la kazi huku gari linakwenda, na kwamba siku moja ulimenya yai. Alikugombeza. Mimi ningejua ningesema nini? Sijui. Pengine ningekuomba na mimi kipande.

Asubuhi ile ya mwisho ukungu ulikuwa umekaa mpaka mlangoni. Ulikula ndizi, ukanywa chai ukiwa umesimama, Neema amekung'ang'ania mguu. Ukafungua mlango wa gari, halafu ukasimama. Ukaniangalia. Ukasema, "Leo huniambii nishike usukani?"

Na mimi nikasema, "Si gari lako litashika?"

Ukacheka, ukapanda, ukaondoka. Taa za nyuma niliziona mpaka kwa jirani, basi, ukungu ukafunga.

Nimelisema hilo neno mara mbili tu, kwa Tumaini na kwa afande wa polisi, na sasa kwako ni mara ya tatu.

Wewe hujui yaliyofuata kwa hiyo nikueleze. Lori la majani ya chai lilikuwa limepasuka tairi pale kwenye mteremko, baada ya kona. Upande wa kushoto kuna mtaro mkubwa, halikuwa na pa kwenda, likasimama nusu limekula lami. Dereva wake ni mzee, anaitwa Ambakisye, watu wa chai wote wanamjua. Alikuwa chini anafungua nati. Wewe ukaja ukaingia kwa nyuma. Walisema hukufunga breki. Walisema hakukuwa na alama yoyote ya tairi kwenye lami. Nilisikia hayo nikiwa nimelala sakafuni chumbani na wanawake wamenizunguka, nikasema ni kwa sababu hukuliona lori, ulionaje kwenye ukungu, mtu ameegesha nyumba katikati ya barabara bila kuweka hata jani.

Ndivyo walivyosema watu wote. Bila kuweka hata jani. Maana hapa kwetu mtoto mdogo anajua, gari likiharibika unakata matawi, unayaweka barabarani nyuma yake, mbali, na anayekuja akiona matawi anajua mbele kuna tatizo anapunguza mwendo. Trafiki walipofika hawakuona matawi. Mzee Ambakisye alisema aliyaweka, wakamwambia yako wapi. Hakuwa na la kuonyesha. Wakamchukua.

Mkewe alikuja kwenye msiba siku ya pili. Alikuja na wanawake wawili na mkungu wa ndizi kichwani, kama anavyokuja mtu yeyote kwenye kilio. Akaingia mpaka mlango wa jiko. Nilitoka nje nikamwambia achukue ndizi zake, jiko langu halipiki chakula cha aliyemuua mwanangu. Aliutua ule mkungu, akaupandisha tena mwenyewe, hakuna aliyemsaidia, akaenda. Unajua kwetu kumrudishia mtu chakula kwenye msiba ni kitu gani. Hata bibi yako, ambaye aligombana na nusu ya kijiji, hajawahi kufanya hivyo. Mimi nilifanya, na wanawake wakanipigia makofi kimoyomoyo, niliona.

Ulikuja nyumbani umefunikwa kanga ambayo si yetu. Ya njano, ina korosho. Baada ya matanga nikaifua, nikaipiga pasi ya mkaa, nikasema hii ina mwenyewe. Mwanamke ametoa nguo yake akamfunika mwanangu nami sijamwona hata sura, nitalalaje na kanga yake kabatini? Nikauliza, nikaambiwa ni Mama Sekela, anauza ndizi mbivu pale karibu na kona. Nikamnunulia doti mpya, nikaenda nazo zote mbili, ile yake na mpya.

Mama Sekela ni mwembamba, mweusi, anaongea haraka. Alinikalisha kwenye kiti chake yeye akakaa kwenye ndoo. Ile ya zamani aliisukuma ikarudi kwangu, akasema, "Hiyo ni ya kwenu sasa, mama, mimi nitavaa mpya nipendeze." Tukacheka kidogo, tukalia kidogo. Kisha akanieleza bila mimi kuuliza. Akasema pole mama, nilichelewa kuleta kanga, nilikuwa nimeacha kila kitu nimekimbia na gauni tu, kwa hiyo mwanzoni tulimfunika na matawi.

Nikamuuliza matawi gani.

Akasema, "Si yale ya yule mzee wa lori. Yalikuwa yamejaa barabarani, tukayakusanya yote tukamfunika kijana, jua lisimpige, watu wasimpige picha."

Lusajo, nikamwambia aseme tena. Akasema tena. Mzee alikuwa amekata matawi ya mikaratusi asubuhi ile, yeye mwenyewe Mama Sekela alimtania kwamba anafyeka msitu wa serikali. Aliyapanga tangu huku juu kabla ya kona. Basi moja lilikuja likapunguza, likapita polepole. Lori la mchanga likaja likapunguza, dereva akampigia honi ya pole. Halafu ukaja wewe. Ulipita juu ya matawi, Mama Sekela akayasikia yanavunjika, na sauti ya gari lako haikubadilika.

Nikamuuliza mbona hakuwaambia trafiki. Akasema hakuna aliyemuuliza, wanawake walisukumwa nyuma. Halafu kanga ilipoletwa, matawi yakatupwa mtaroni. Akasema na mengine, nisamehe mama, nimepikia.

Akanipeleka. Tulitembea kutoka pale lori liliposimama mpaka pale matawi yalipoanzia. Nilianza kuhesabu hatua, nikapita mia nikapoteza hesabu. Mtaroni palikuwa bado na makavu, rangi ya kahawia, na majani mengine yamebandikana na lami, yamesagwa. Nikaokota moja. Lilikuwa bado linanukia ile harufu ya dawa ya kikohozi.

Ulikuwa na nafasi, mwanangu. Hicho ndicho sikutaka kukijua. Nilikuwa nimeshajipanga na mzee wa kuchukia, nikawa na mahali pa kuweka kila kitu, na sasa Mama Sekela ananivunjia kwa mdomo wake wa haraka.

Nilienda kwa Gwakisa, rafiki yako fundi. Mabaki ya gari yalikuwa yamehifadhiwa, yeye aliitwa kuliangalia. Hakutaka kuniambia. Akafuta mikono kwa tambara muda mrefu. Akasema mama, lile jicho linajua mistari na linajua magari, tena siku nzuri, kioo kikiwa safi. Ukungu ule hata jicho lako lisingeona. Na matawi halijui. Kule lilikotengenezwa nani anaweka matawi barabarani? Kwa gari yale ni takataka tu, linapita juu. Mtu ndiye anayejua tawi linasema nini. Akasema hata kitabu chake kinaeleza kwamba dereva atazame mwenyewe wakati wote, gari ni la kumsaidia tu. Hicho kitabu kipo, kilikuwa kwenye droo ya gari, bado kimo kwenye nailoni yake. Kijapani mwanzo mpaka mwisho.

Basi nikamuuliza kuhusu yule mwanamke anayesalimia. Gwakisa akaweka ile sauti kwenye simu yake, alikuwa nayo kutoka gari lingine la namna hiyohiyo, simu ikatafsiri. Niliomba isome mara mbili.

Alikuwa anasema shika usukani.

Maneno yangu, Lusajo. Maneno yangu mwenyewe ya miaka yote, yanasemwa na mgeni kwa lugha ya mbali, na mimi nimekaa pembeni yako nimejifunga kitenge kizuri namwambia asante, asante sana. Nilikaa kwenye benchi la Gwakisa mpaka mvua ikaisha. Aliniletea soda, sikuinywa.

Niliporudi nyumbani nikamwita baba yako mdogo Asajile. Nilimweleza aliyosema Mama Sekela na aliyosema Gwakisa. Alisikiliza vizuri, unamjua, hakatizi mtu. Kisha akasema, "Shemeji, acha. Kama si kosa la lori ni kosa la gari. Lusajo yuko kaburini, hana kosa."

Nikamwambia na mzee je? Maana kesi ilikuwa inakuja. Walikuwa wamempa dhamana lakini leseni wameishika, na watu walisema atafungwa, kwa kuwa mtu amekufa. Miaka mingapi ameendesha majani ya chai bila kumgusa hata kuku. Asajile akasema mzee ana watoto wakubwa watamsaidia. Halafu akasema neno lililonikaa hapa kooni. Akasema kwa sasa jina la mwanao ni la mtu aliyeonewa, ukienda kusema litakuwa la mtu mzembe, na wewe mama yake ndiye utakayekuwa umelibadilisha. Alilisema kwa upole. Hakuwa mbaya. Alikuwa anakulinda na yeye.

Siku tatu sikulala. Nilikuwa nafika kwenye kaburi lako na jembe kama ninayepalilia, nakuangalia, sisemi. Najua utaniuliza nilikuwa naogopa nini, umeshakufa, wakufanye nini tena. Lakini mama haachi. Nilikuona ukiwa na miaka sita, umepasua chungu cha bibi, umekuja kusimama nyuma yangu umeshika gauni langu. Nilisema ni paka. Bibi akampiga paka. Nawe usiku mzima ukanitazama tu, hukufurahi, asubuhi ukaenda kwa bibi peke yako ukamwambia si paka. Sikukufundisha mimi hilo. Ulizaliwa nalo.

Nikamwambia Tumaini. Niliogopa kumwambia yeye kuliko wote. Alikuwa anapinda pindo la sketi ya shule, hakuinua kichwa. Akamaliza pindo. Akakata uzi kwa meno. Akasema, "Twende wote, mama. Lile yai nitalisema mimi."

Tukaenda na Mama Sekela, wanawake watatu, tumevaa kama tunaenda harusini kwa sababu Mama Sekela alikataa kwenda polisi na nguo ya sokoni. Afande tuliyemkuta ni binti mdogo, ana kovu kwenye nyusi, aliniita mama akanivutia kiti. Nikaanza kusema. Nilifikiri nitasema kuhusu matawi tu. Lakini nilipofungua mdomo vikatoka vyote, Igogwe, mikono juu, fanya tena, yule mwanamke wa Kijapani, na lile la asubuhi ile mlangoni. Aliacha kuandika mara moja akaniangalia. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hayo mengine si lazima yaandikwe. Nikamwambia andika. Kama mnaandika aliyeshika na asiyeshika, na mimi niandike.

Akaniambia jambo nikuletee na wewe. Akasema mama, sijui mikono yake ilikuwa wapi dakika ile, na wewe hujui, na hakuna atakayejua. Labda alikuwa ameshika. Labda alikuwa anatazama daftari. Tunachojua ni kwamba alama ilikuwepo na gari halikupunguza. Akasema sheria haina dereva mwingine, awe na gari la zamani au la kisasa, linaloongea au lisiloongea, aliyekaa nyuma ya usukani ndiye dereva. Alisema bila ukali. Naye mzee hakumwacha hivihivi, alimwonya kwa kutembea bila zile pembetatu nyekundu zinazong'aa, akamwambia matawi ni ya watu wa hapa na barabara ni ya watu wote. Ni kweli pia.

Kesi imefutwa, Lusajo. Leseni amerudishiwa.

Watu wamesema. Nisikufiche. Kuna aliyesema sijawahi kuona mama anayemshtaki mwanawe kaburini. Kwenye kwaya nilikaa benchi peke yangu Jumapili mbili. Asajile alinuna mwezi mzima, halafu akaja kunikatia majani ya ng'ombe bila kusema kitu, nikampa maziwa ya mgando, yakaisha. Kijana mmoja wa parachichi uliyefanya naye kazi, ana gari kama lako, alikuja kuniambia ameanza kushika. Nikamwambia asiniambie mimi, aende kwa mama yake amwambie.

Na mimi nilikwenda kwa mke wa mzee Ambakisye. Nilibeba mkungu kichwani, nikasimama nao mlangoni kwake nikangoja kama yeye alivyongoja kwangu. Nilijiambia akinirudisha nitaubeba mwenyewe nirudi nao, haki yake. Alitoka akanitazama. Alichukua muda, simlaumu. Kisha akashika upande mmoja wa mkungu nami upande mwingine, tukauingiza jikoni. Mzee alikuwa kwenye kigoda, amekonda. Alisimama. Akaniambia, "Mama Lusajo, nilimsikia anakuja nikapunga mkono. Nilipunga sana." Nikamwambia najua, baba. Tulimenya ndizi watatu, mzee naye akamenya, vibaya, mkewe akamsema.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yananizuia kuandika.

Sasa nakuaga, lakini kuna moja la mwisho. Wiki iliyopita Neema alirudi kutoka shule akaniuliza, baba aligongwa na nani? Wenzake wamemwambia aligongwa na lori. Nilikuwa namsuka. Nikamwambia hakugongwa, baba aligonga lori lililosimama, kwa sababu kulikuwa na ukungu na yeye hakutazama vizuri siku hiyo. Akasema, "Alisahau?" Nikasema ndiyo, alisahau, na bibi naye alisahau kumkumbusha. Akasema sawa, akaniambia nimevuta nywele sana.

Akiwa mkubwa atauliza zaidi. Nakuahidi nitamwambia yote, sitasema ni gari na sitasema ni paka. Na siku hiyohiyo, kabla hajainuka kwenye mkeka, nitamwambia jinsi ulivyokuwa unawashika mkono bibi vizee wa Lufingo ukiwaonyesha parachichi iliyokomaa, na jinsi ulivyoenda kwa bibi yako asubuhi ile peke yako na miguu mitupu. Hatalipata moja bila jingine, maadamu mimi nina pumzi.

Lala, baba. Usiogope mama akikutaja. Nitakutaja kweli, na nitakutaja kwa upendo.

Mama yako